Ndorobo wa Serengeti na papa mbingusi

Ndorobo wa Serengeti (jina la kisayansi: Glossina swynnertoni) ni spishi ya mbung'o anayeishi katika savana za kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya. Katika Mkoa wa Mara anajulikana hasa kwenye wilaya za Serengeti na Tarime, zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Papa mbingusi, aitwaye pia papa nyundo (Sphyrna lewini), ni samaki wa gegedu anayeishi katika bahari zenye joto duniani kote, pamoja na pwani ya Tanzania Bara, Unguja, Pemba na Kenya.

Viumbe hawa wawili hawana undugu wa karibu wala hawaonani. Mmoja ni mdudu wa nchi kavu mwenye urefu wa sentimita moja hivi, mwingine ni samaki anayeweza kufikia mita 4. Papa hawako katika Ziwa Viktoria, kwa hiyo mkazi wa Tarime anaweza kuishi maisha yake yote bila kumwona papa mzima. Hata hivyo, kwa uzazi wanafanana kuliko ambavyo ndorobo anafanana na nzi wengi, na kuliko ambavyo papa anafanana na sangara. Wote wawili hubeba mimba, huwalisha watoto ndani ya mwili wa mama na kuzaa watoto wakubwa walio tayari kujitegemea. Uzazi wa namna hii unampa mtoto mwanzo mzuri, lakini unaifanya jamii nzima ipungue upesi pale wanapouawa wazazi au watoto wengi kuliko kawaida. Kwa ndorobo udhaifu huo umekuwa silaha ya binadamu. Kwa papa umekuwa sababu ya kukaribia kutoweka.

Majina

Neno "ndorobo" hutumika Tanzania kwa aina zote za mbung'o, yaani nzi wa jenasi Glossina, na wafugaji wengine hulitumia pia kwa ugonjwa wa mifugo unaoletwa na nzi hao. Lisichanganywe na jina la Wandorobo, watu wa jamii za wawindaji. Katika makala hii "ndorobo wa Serengeti" ni Glossina swynnertoni peke yake, ingawa kwenye hifadhi kuna mbung'o wengine pia, hasa Glossina pallidipes.

Jina swynnertoni ni kumbukumbu ya Charles Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, halafu akaongoza utafiti wa mbung'o wenye makao yake Shinyanga. Alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege.

Papa mbingusi ameitwa papa nyundo kwa sababu ya kichwa chake kipana kilichotanuka pande mbili, huku jicho likiwa kwenye kila ncha. Ukingo wa mbele wa kichwa hicho una mabonde madogo, na hiyo ndiyo alama ya kumtofautisha na papa nyundo wa spishi nyingine.

Namna wanavyotafuta chakula

Ndorobo dume na jike wote hula damu tu. Hapa wanatofautiana na mbu, ambao jike peke yake ndiye anayeuma. Ndorobo humtambua mnyama kwa harufu ya pumzi na mkojo, kwa mwendo na kwa rangi. Huvutwa sana na kitu kikubwa kinachotembea, ndiyo maana magari ya watalii hufuatwa na makundi ya nzi hao. Rangi ya buluu na nyeusi huwavuta pia, na waongoza watalii wenye uzoefu huwaonya wageni wasivae nguo za rangi hizo. Miongoni mwa wanyama wanaonyonywa sana na ndorobo wa Serengeti ni ngiri na nyati. Punda milia hawamvutii sana.

Papa mbingusi hula samaki, ngisi, pweza na taa. Upande wa chini wa kichwa chake una vitundu vingi vyenye uwezo wa kuhisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya kiumbe mwingine, hata kama amejifukia mchangani. Upana wa kichwa humwezesha kupekua eneo kubwa la sakafu ya bahari kwa mara moja.

Binadamu hayumo katika chakula cha papa huyu, na matukio ya kumuuma mtu ni machache sana. Kwa spishi zote za papa kwa pamoja, mashambulizi yasiyochokozwa duniani huwa kadiri ya 60 hadi 70 kwa mwaka, na wanaokufa kwa kawaida hawazidi 10 au zaidi kidogo. Mbung'o wamekuwa na madhara makubwa zaidi. Mlipuko wa malale kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda, ulioanza karibu na mwaka 1900, uliua watu zaidi ya 200,000 katika muda wa miaka 20 hivi. Mbung'o aliyehusika huko alikuwa wa spishi nyingine, anayekaa kando ya maji. Siku hizi wagonjwa wa malale wanaoripotiwa duniani hawafiki 1,000 kwa mwaka, baada ya kazi kubwa ya upimaji, tiba na udhibiti wa nzi.

Uzazi wa ndorobo

Wadudu wengi hutaga mayai mengi na kuyaacha. Mbu wa malaria hutaga mayai kati ya 50 na 200 kwa mkupuo mmoja. Ndorobo jike hataga yai hata moja. Kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kisha huhifadhi mbegu za kiume katika vifuko maalumu na kuzitumia kidogo kidogo hadi kufa kwake.

Yai moja hushuka katika mfuko wa uzazi, hurutubishwa na kuanguliwa humohumo. Buu anayetoka hulishwa maziwa yanayotengenezwa na tezi iliyomo ndani ya mwili wa mama. Kuyaita maziwa si kutia chumvi, kwa kuwa yana mafuta na protini, na hupitisha kwa mtoto bakteria wenye manufaa ambao ndorobo hawezi kuishi bila wao. Bakteria hao humtengenezea vitamini ambazo hazipatikani vya kutosha katika damu.

Buu hukua kwa siku 9 au 10. Anapozaliwa huwa na uzito unaolingana na wa mama yake au kuuzidi. Mama hutafuta mahali pa kivuli penye udongo laini, kwa mfano chini ya gogo au kichaka, na kumzalia hapo. Buu halishwi tena. Hujichimbia ardhini, na ndani ya saa chache ngozi yake hukauka na kuwa ganda gumu la pupa. Baada ya mwezi mmoja hivi, kutegemea joto la udongo, nzi kamili hutoka. Akiwa jike, atamzaa mtoto wake wa kwanza baada ya siku 18 hivi, na baadaye mmoja kila baada ya siku 9 au 10.

Hesabu yake ni rahisi na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya. Jike akiishi siku 60 atazaa watoto 5, yaani siku ya 18, 27, 36, 45 na 54. Nusu yao ni majike. Baadhi ya pupa huliwa na sisimizi na ndege, wengine hufa kwa joto, lakini bado mama ataacha nyuma jike mmoja au wawili. Sasa jike huyo akiishi siku 30 tu, atazaa watoto 2, na mmoja wao ndiye jike. Pupa huyo akipotea, mama hakuacha mrithi. Kwa maneno mengine, kufupisha maisha ya majike kunatosha kuimaliza jamii ya ndorobo. Watafiti wa mbung'o walikadiria kwamba kuua asilimia 4 hivi ya majike zaidi kila siku, mfululizo, kunaweza kuitokomeza jamii hiyo. Kwa nzi wa nyumbani au mbu, kiasi hicho kisingefanya lolote.

Uzazi wa papa mbingusi

Samaki wengi nao hutaga. Sangara wa Ziwa Viktoria, anayejulikana sana Musoma na Shirati, hutoa mayai kwa mamilioni, na karibu yote huliwa au kuharibika. Papa mbingusi hufuata njia nyingine. Dume humpanda jike, na mayai hurutubishwa ndani ya mwili. Mwanzoni kila mtoto hutumia kiini cha yai lake. Kiini kinapokwisha, mfuko wake hujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuwa kondo, na mtoto huendelea kulishwa na mama kupitia kitovu. Mpango huu unafanana na ule wa mamalia kiasi kwamba walimu wa baiolojia huutumia kama mfano wa maumbile mawili yaliyotokea mbalimbali yakafikia suluhisho moja.

Si papa wote wenye kondo. Papa mweupe mkubwa, ambaye pia hufika katika Bahari ya Hindi, huwalisha watoto wake mwanzoni mwa mimba kwa ute wenye mafuta unaotolewa na ukuta wa mji wa mimba. Hapo ulinganifu na maziwa ya ndorobo ni wa karibu zaidi.

Mimba ya papa mbingusi huchukua miezi 9 hadi 12. Huzaliwa watoto 12 hadi 40 hivi, kila mmoja akiwa na urefu wa karibu nusu mita, kichwa kikiwa bado laini. Mama huja kuzaa kwenye maji ya kina kifupi, katika ghuba na karibu na midomo ya mito, kisha huondoka. Watoto hubaki huko mwaka mmoja au zaidi.

Watoto 12 hadi 40 wanaonekana wengi wakilinganishwa na mmoja wa ndorobo. Tofauti iko kwenye muda. Ndorobo huwa mama kabla ya kutimiza wiki 3 tangu atoke kwenye ganda. Papa mbingusi jike huchukua miaka 13 hadi 15, au zaidi mahali pengine, kabla ya mimba ya kwanza. Vilevile watoto wengi hufa katika mwaka wao wa kwanza. Katika ghuba ya Kaneohe, Hawaii, ambako wamechunguzwa sana, wengine huliwa na papa wakubwa na wengine hufa kwa njaa, kwa sababu bado hawajajua kuwinda vizuri.

Kuharibika kwa mimba

Kuna mfanano mwingine ambao hautajwi sana. Ndorobo jike mwenye mimba akipata msukosuko, kama njaa au sumu ya kuulia wadudu, humtoa buu kabla hajakomaa, na buu huyo hufa. Papa na taa wenye mimba nao, wanaponaswa kwenye wavu au ndoano, mara nyingi hutoa watoto kabla ya wakati. Mvuvi akimwachia mama akiwa hai, anaweza kuwa ameokoa mmoja na kupoteza uzao wote. Papa nyundo wana tatizo la ziada, kwani ni wepesi sana kufa wanapohangaika kwenye ndoano, hata kwa muda mfupi.

Ndorobo katika wilaya za Serengeti na Tarime

Ndorobo wa Serengeti hupenda savana kavu yenye migunga na vichaka. Katika Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, mazingira hayo yapo kwenye hifadhi yenyewe na katika mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yaliyo kati ya hifadhi na vijiji. Upande wa Tarime, eneo linalohusika ni la chini kuelekea Mto Mara na Lamai. Milima ya Tarime, yenye baridi na mashamba mengi, haimfai.

Kuenea kwake kuna historia. Sotoka iliyoingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890 iliua sehemu kubwa ya ng'ombe na wanyamapori wanaofanana nao. Watu walipokufa kwa njaa na magonjwa au kuhama, na mifugo isipokuwepo kula majani, vichaka vilikua pale palipokuwa malisho na mashamba. Wanyamapori walipoongezeka tena, ndorobo walifuata. Sehemu ya nchi ambayo baadaye ilionekana na wageni kama pori la tangu asili ilikuwa, kwa kiasi fulani, pori la baada ya msiba.

Kwa wafugaji wa Kikurya, Kiikoma, Kinata na Kingoreme, hasara kubwa ni nagana. Ng'ombe aliyeambukizwa hukonda, hupungukiwa damu, hutupa mimba na mwishowe hufa asipotibiwa. Mahali ambapo ng'ombe ni mahari, jembe na akiba ya familia, ugonjwa huo hugusa kila kitu. Ng'ombe hutibiwa kwa sindano, lakini dawa zilizopo ni za zamani na vimelea vimeanza kuwa sugu kwake katika sehemu mbalimbali za Afrika. Malale ya binadamu ya huku husababishwa na Trypanosoma brucei rhodesiense, kimelea ambacho huishi pia katika wanyamapori bila kuwaua. Mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua baada ya kutembelea Serengeti na Tarangire, na habari hiyo ilifanya ugonjwa uliosahaulika kuzungumzwa tena. Wenyeji hawakuwa wameusahau.

Udhibiti wa ndorobo siku hizi unategemea ule uzazi wake wa polepole. Vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa sumu, vikiwekwa pamoja na harufu zinazomvuta, huua majike wachache kila siku. Kwa baadhi ya spishi za savana, vitambaa 4 tu kwa kilomita moja ya mraba vimetosha. Mfugaji anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kuwaogesha ng'ombe kwenye josho au kuwapaka mgongoni dawa inayoua nzi anayetua, na hapo ng'ombe mwenyewe huwa mtego unaotembea.

Unguja: mahali pa kukutana

Kama kuna mahali ambapo habari za viumbe hawa zinakaribiana, ni kisiwa cha Unguja. Huko aliishi mbung'o mmoja tu, Glossina austeni, hasa kwenye vichaka na misitu kama Jozani. Serikali, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) waliamua kummaliza. Kwanza idadi yake ilipunguzwa kwa vitambaa vyenye sumu na kwa kuwapaka ng'ombe dawa. Halafu, kuanzia mwaka 1994, madume waliofugwa katika kituo cha utafiti cha Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa. Kwa kuwa jike hupandwa mara moja tu, akimpata dume tasa hatazaa maisha yake yote. Jumla ya madume zaidi ya milioni 8 waliachiliwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ulinufaika waziwazi.

Kazi hiyo haiwezi kuhamishiwa Serengeti kama ilivyo. Unguja imezungukwa na bahari, hivyo hakuna nzi wa kurudi. Serengeti imeungana na Maasai Mara na mapori mengine, na eneo likisafishwa bila kizuizi nzi huingia tena kutoka upande wa pili.

Katika maji yanayozunguka kisiwa hichohicho, papa mbingusi amekuwa akivuliwa kwa jarife, yaani wavu wenye macho makubwa, na kwa mishipi mirefu. Uvuvi wa papa pwani ni wa kale. Nyama yake hukaushwa kwa chumvi na kuliwa kwa wali au ugali, na mafuta ya ini, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za majahazi ili zisioze. Biashara ya mapezi kwenda Asia ya Mashariki iliongeza thamani ya papa kuliko nyama ilivyowahi kufanya. Wavu uliotegwa karibu na ufuko huwanasa pia watoto wa mwaka wa kwanza, na kila jike mdogo anayekufa hapo alikuwa bado na miaka zaidi ya 12 kabla ya kuzaa.

Tofauti na ndorobo, papa hawarudi upesi mahali walipokwisha. Vipimo vya vinasaba vinaonyesha kuwa majike wa papa mbingusi huwa hawavuki bahari kuu kwenda kuzaa pwani nyingine; hushikamana na maeneo yao. Pwani iliyopoteza mama zake haitegemei kujazwa na wageni.

Hali ya sasa

Papa mbingusi aliingizwa mwaka 2013 katika Kiambatisho II cha mkataba wa CITES, kinachodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe. Mwaka 2019 orodha nyekundu ya IUCN ilimpandisha hadi daraja la walio hatarini kabisa, ambalo ni la mwisho kabla ya kuhesabiwa kuwa ametoweka porini. Kupungua kwake duniani kulikadiriwa kuzidi asilimia 80 katika vizazi vitatu, na kizazi kimoja cha papa huyu ni zaidi ya miaka 20.

Ndorobo wa Serengeti hana ulinzi wa namna hiyo, wala hakuna mfugaji wa Mugumu au Nyamongo atakayeuomba. Lakini kwa kipimo cha eneo, yeye ndiye mwenyeji wa nchi hii kuliko papa: papa mbingusi yupo katika bahari tatu kuu, naye ndorobo huyu hapatikani popote duniani nje ya sehemu hizo za Tanzania na Kenya. Sehemu kubwa ya makazi yaliyombakia imo ndani ya hifadhi, ambako mifugo hairuhusiwi kuingia na ambako nyati na ngiri wanaomlisha wanalindwa na sheria.